Nicolas Appert: mpishi aliyefundisha dunia kufunga chakula

Mvua inapoanza kunyesha Lualaba, mama wauzaji wa soko za Kolwezi wanajua kama kazi ya kuchunga nyama na samaki ya kukauka inakuwa nguvu. Kuku aliyekaushwa vizuri, akifungwa ndani ya sashe dhaifu, anaanza kulainika. Kisha ukungu unatokea, ao harufu ya mafuta yaliyozeeka. Moto ulikuwa mzuri, chumvi ilitosha. Kilichoharibu kazi ni chombo.

Kwamba chombo ni nusu ya kazi ya kuchunga chakula, hilo ni jambo ambalo mpishi mmoja wa Ufaransa alilitumikia zaidi ya miaka 40. Jina lake ni Nicolas Appert, aliyekufa mwaka wa 1841. Hakusoma chuo kikuu, na wakati wake hakuna mtu aliyejua kama mikrobe ndiyo inaozesha nyama. Lakini mikebe yote ya sardini, tomati na nyama inayopangwa leo katika maduka ya Kolwezi, Kalemie, Bukavu ao Goma ni wajukuu wa chupa zake. Appert mwenyewe hakupenda nyama ya kukausha. Hata hivyo, anayekausha kuku ao samaki kwa kuuzisha anaweza kujifunza mengi katika maisha yake.

Mtoto wa hoteli

Appert alizaliwa tarehe 17 Novemba 1749 katika mji wa Châlons, jimbo la Champagne, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa na nyumba ya kulaza wageni. Mtoto alikomaa kati ya jiko na pishi ya divai, akiona kila siku namna chakula kinavyonunuliwa, kinavyopikwa, na namna kinavyotupwa kikiharibika.

Alipokuwa kijana alifanya kazi ya jiko kwa wakubwa wa Deux-Ponts, utawala mdogo wa upande wa Ujerumani. Mwaka wa 1784 alirudi Ufaransa na kufungua duka la vitu vitamu ku Paris, katika barabara ya Lombards. Kazi hiyo ilimfundisha kuchunga matunda kwa sukari. Alijua tena ubaya wake: sukari ilikuwa bei kali, na matunda yanabaki na utamu wa sukari, siyo utamu wake yenyewe.

Mapinduzi ya mwaka wa 1789 yalimkuta ku Paris. Aliingia katika siasa ya mtaa wake, na siasa ya wakati ule ilikuwa hatari: mwaka wa 1794, wakati watu wengi walikuwa wanakatwa vichwa, Appert naye alifungwa. Alitoka gerezani mzima kisha miezi michache. Tangu hapo akaacha siasa na kushika swali moja tu: namna gani chakula kikae miezi mingi bila kuoza na bila kupoteza utamu wake?

Swali hilo halikuwa la mchezo. Inchi ya Ufaransa ilikuwa katika vita karibu na majirani wote. Mabaharia walikaa baharini miezi mingi wakila nyama ya chumvi na mkate mgumu, na wengi walikufa na kiseyeye, ugonjwa unaoleta kuvuja damu katika fizi kwa kukosa matunda na mboga.

Njia za zamani zilijulikana kila fasi duniani, hata katika Afrika: jua, moshi, chumvi. Appert aliziona kuwa zinasaidia lakini zina bei yake. Kwa maoni yake, kukausha kunaondoa harufu nzuri na kukaza nyama, na chumvi inaacha ukali mdomoni. Alitaka nyama itoke katika chombo sawa vile iliingia.

Chupa, kizibo na sufuria za shaba

Kuanzia mwaka wa 1795 hivi, alianza kujaribu. Mwaka wa 1802 alikaa ku Massy, karibu na Paris, fasi ambayo alikuwa na mashamba ya petipwa na maharagi, pembeni ya nyumba ya kazi. Mboga ilitoka shambani na kuingia ndani ya chupa bila kuchelewa.

Njia yake mtu anaweza kuieleza kwa maneno machache. Kutia chakula ndani ya chupa. Kufunga chupa kwa nguvu sana. Kuchemsha chupa yote ndani ya maji kwa muda uliopimwa. Kutoa chupa wakati unaofaa na kuiweka fasi ya baridi. Kama ni nyama ao kuku, kwanza alimpika mpaka karibu kuiva, kisha ndiyo anaingia ndani ya chupa. Kuku wana fasi yao katika kitabu alichoandika kisha.

Lakini ugumu wote ulikuwa katika kufunga. Chupa ya kawaida ilipasuka ndani ya maji ya moto, hivi akatafuta chupa za kioo kinene, sawa zile za divai ya Champagne, na nyingine zenye mdomo mkubwa ili nyama iweze kuingia. Vizibo alivitengeneza kwa vipande kadhaa vya koki, alivyovigandisha kwa gundi ya samaki. Alivigonga kwa nguvu mdomoni mwa chupa, akavikaza kwa waya, na juu yake akapaka mchanganyiko wa chokaa na fromaji. Kila chupa aliivalisha kifuko cha nguo ngumu, ili moja ikipasuka isiumize zingine. Kisha chupa zote ziliingia katika sufuria tatu kubwa za shaba, madini ile ile ambayo Kolwezi imejengwa juu yake.

Juu ya vizibo Appert hakuwa na huruma. Alifundisha kama mtu anayebania pesa ya kizibo anapoteza chupa nzima na kila kitu kilicho ndani. Kwake yeye, kuchagua kizibo kulikuwa kazi nzito sawa kuchagua nyama. Kila chupa ilitazamwa kwa uangalifu, na ile yenye kasoro iliwekwa pembeni.

Faranga 12.000, na siri kwa watu wote

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, jeshi la majini la Ufaransa lilijaribu chupa zake katika bandari ya Brest. Mchuzi wa nyama, petipwa na maharagi vilichungwa miezi mitatu. Vilipofunguliwa, wakubwa wa jeshi walishangaa: mboga ilikuwa bado na utamu wa shamba.

Sifa ilikuja, pesa haikuja. Chupa zilikuwa bei kali, kazi ilikuwa nyingi, na Appert alikuwa mtu wa majaribio kuliko mtu wa hesabu. Deni zilimkamata. Mwaka wa 1810 serikali ya Napoléon ikamuwekea njia mbili mbele yake: kuchunga siri kwa hati ya kuvumbua ili yeye peke yake aitumie, ao kuitoa kwa watu wote na kupata zawadi. Appert alichagua kuitoa. Alipewa faranga 12.000, kwa sharti kwamba aandike njia yake katika kitabu na kutoa vitabu 200 kwa serikali kwa pesa yake mwenyewe.

Kitabu kilitoka mwaka ule ule wa 1810. Hakuficha kitu: aliandika namna ya kuchagua kizibo, muda wa kuchemsha kila chakula, hata makosa ya wafanyakazi. Mama yeyote anayejua kusoma angeweza kujaribu jikoni mwake. Kwa muda mfupi kitabu kilitafsiriwa katika Kijerumani na Kiingereza, na siri ya Massy ikawa mali ya dunia.

Mkebe unachukua fasi ya chupa

Kabla ya mwaka wa 1810 kuisha, Peter Durand, mfanyabiashara wa London, alipewa hati ya mfalme wa Uingereza juu ya njia iliyofanana na ya Appert. Hati hiyo ilitaja vyombo vya aina nyingi, na kimoja kati yao kilibadilisha historia: mkebe wa chuma chembamba kilichopakwa eteni. Chuma peke yake kinakula kutu, eteni inakikinga. Eteni inatoka katika kasiterite, jiwe ambalo wachimbaji wa Manono, Kalima na Walikale wanalijua vizuri.

Mwaka wa 1813, Bryan Donkin na wenzake walikuwa wanauzishia jeshi la majini la Uingereza nyama ya mikebe iliyotoka katika kiwanda chao ku Bermondsey, London. Mikebe ilitengenezwa kwa mkono, moja moja, na kufunguliwa kwa patasi na nyundo, kwa sababu kifungulio cha mikebe kilikuwa hakijavumbuliwa. Lakini mkebe haukuvunjika njiani sawa chupa, na mwangaza haukuingia ndani. Chakula kilikuwa kile kile. Chombo kilibadilika, na biashara nzima ikabadilika pamoja nacho.

Appert alienda London mwaka wa 1814 na kuona mambo hayo kwa macho yake. Hakuona haya kujifunza kwa watu waliojifunza kwake. Aliporudi, naye akaanza kutengeneza mikebe.

Vita, umaskini na kaburi la wote

Lakini mwaka ule wa 1814 vita ilifika mpaka nyumbani kwake. Majeshi ya maadui wa Napoléon yaliingia Ufaransa, na nyumba ya kazi ya Massy ikageuzwa kuwa hospitali ya askari. Vyombo viliharibiwa. Appert alikuwa na miaka karibu 65, umri ambao wengine wanapumzika. Yeye akaanza tena kutoka sifuri ku Paris, katika majengo ambayo serikali ilimkopesha bila kodi.

Mwaka wa 1822, shirika la Ufaransa la kuinua viwanda lilimpa jina la mfadhili wa binadamu. Ilikuwa heshima kubwa, lakini heshima hailipi deni. Aliendelea na kazi mpaka alipopita miaka 80. Mwishoni alirudi Massy na kuishi kwa pensheni ndogo ya serikali. Alikufa tarehe 1 Juni 1841, akiwa na miaka 91. Hakukuwa na pesa ya kumzika kwa heshima. Alizikwa katika kaburi la wote, pamoja na watu wasiokuwa na kitu, wakati viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinatajirika kwa njia yake.

Kile ambacho Appert hakujua

Appert aliona kama njia yake inatumika, bila kujua kwa nini. Yeye na wajuzi wa wakati wake walifikiri kama hewa ndiyo adui mkubwa: ukiondoa hewa, chakula hakiozi. Ni Louis Pasteur, katika miaka ya 1860, aliyeonyesha kama kuko viumbe vidogo sana, mikrobe, vinavyoozesha chakula. Moto unaviua, na chombo kilichofungwa vizuri kinakataza vingine kuingia. Hivi Appert alikuwa na kazi mbili bila kujua: moto ulisafisha, kizibo kililinda.

Kazi moja ikikosekana, ya pili haisaidii. Mwaka wa 1852, miaka 11 kisha kifo cha Appert, Waingereza walifungua mikebe ya nyama katika bohari ya jeshi lao la majini ku Gosport na kukuta mamia yameoza. Mtu aliyeiuzisha, Stephan Goldner, alikuwa ametumia mikebe mikubwa, na moto haukufika katikati ya nyama. Mikebe ilifungwa vizuri kabisa, lakini ilifunga uozo ndani.

Kuko tena hatari ambayo Appert hakuijua kabisa. Mikrobe ya botulizimu inapenda fasi isiyokuwa na hewa, na mbegu zake zinavumilia maji yanayochemka. Sumu yake inaweza kuua mtu, na mara zingine nyama haitoi harufu yoyote mbaya. Kwa sababu hiyo viwanda vya leo vinapika mikebe ya nyama ndani ya mashini za mvuke wenye nguvu, mpaka joto la digri karibu 121. Mtu asijaribu kufunga nyama mbichi ao ya kupikwa ndani ya chupa nyumbani na kuichemsha katika sufuria ya kawaida. Appert alifungua njia, lakini joto lake halikutosha kwa nyama.

Somo lake kwa kuku wa kukausha

Kuku aliyekaushwa anachungwa kwa njia nyingine. Hapa siyo moto wa mwisho unaomlinda, ni kukosa maji. Mikrobe bila maji haiwezi kuzaana. Lakini nyama iliyokauka ni sawa chumvi: ikiacha wazi, inavuta maji kutoka hewani. Wakati wa kiangazi hatari ni ndogo. Wakati wa mvua, kutoka Novemba mpaka Aprili, hewa yenyewe inamwagilia nyama. Sharti la Appert juu ya kizibo linarudi hapa lote.

Sharti la kwanza ni kukausha mpaka mwisho na kuacha nyama ipoe kabla ya kufunga. Nyama ya vuguvugu ndani ya plastiki inatoa jasho. Matone yanaonekana ndani ya sashe, yanarudi juu ya nyama, na ukungu unaanzia pale. Kipande kinapokunjwa, kama ndani bado iko laini, kirudi ku moto.

Ya pili ni chombo chenyewe. Kikapu, gunia na karatasi vinaacha nyama ipumue, vinafaa kwa siku chache za kiangazi, lakini vinaacha maji ya hewa na wadudu kuingia. Sashe nyembamba ya soko inapunguza maji kidogo, lakini inatoboka na mfupa mmoja tu wa kuku. Plastiki nene iliyofungwa kwa joto inakinga vizuri zaidi. Mkebe ao ndoo yenye kifuniko kinachokaza inakinga maji, wadudu na panya pamoja.

Ya tatu ni hewa na mwangaza. Mafuta ya kuku yanaharibika mbio kuliko mafuta ya ngombe. Hewa inayakula polepole, na jua linaongeza mwendo. Ndiyo sababu kuku aliyewekwa katika sashe safi ya kuonekana, juu ya meza yenye jua, anaanza kunuka mafuta ya zamani hata kama hana ukungu. Kumuweka kivulini hakuombi pesa. Mwenye uwezo anaweza kutumia mashini ya kuondoa hewa na plastiki ya tabaka nyingi, ao pakiti yenye aliminiyumu ndani inayokataza mwangaza. Lakini asisahau mikebe ya Goldner: kuondoa hewa katika nyama isiyokauka vizuri ni kuipa botulizimu nyumba ya kukaa.

Ya nne ni ukubwa wa pakiti. Ndoo kubwa inayofunguliwa mara 20 kwa siku inaingiza hewa na maji mara 20. Pakiti ndogo ndogo, kila moja ya kuliwa siku moja na bukari, zinachunga zile zingine. Kuandika juu yake tarehe ya kufunga kunasaidia muuzaji kutoa kwanza zile za zamani.

Ya tano inagusa zaidi watu wa miji ya machimbo. Mapipa, bido na magunia yaliyobeba asidi, dawa za kusafishia madini ao madini yenyewe hayafai kwa chakula, hata yakioshwa mara nyingi na sabuni. Plastiki inakunywa yale iliyobeba na kuyarudisha polepole. Vilevile dawa ya wadudu ya shamba haina fasi juu ya nyama. Mdudu anazuiwa na kifuniko, siyo na sumu.

Ufaransa ilimkumbuka Appert kisha miaka mingi. Mwaka wa 1955 sura yake ilitiwa katika stempu ya posta, na katika Kifaransa kuko neno lililotoka katika jina lake kwa kutaja kazi ya kupika chakula ndani ya chombo kilichofungwa. Kaburi lake halionyeshwi. Lakini kila mara mtu anapotazama kifuniko cha mkebe kabla ya kununua, akaona kama kimevimba ao kimeliwa na kutu, na kuurudisha kwa muuzaji, anafanya ile kazi ambayo mpishi wa Châlons aliifanya kwa chupa zake zote: hamwamini mwenye nyama mpaka ameona namna ilivyofungwa.